Vyungu Vilivyolala Nyuma ya Ghala

Mwanangu Feza,

Ninakuandikia na sauti yako naisikia. Uko jikoni na mama yako, mnakunja nguo, mnacheka jambo ambalo mkiniona mtaliacha. Baba mwenye akili timamu angevuka ua huu na kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu mara tatu tangu asubuhi. Mara ya kwanza nilikuuliza kama sanduku limefungwa kamba. Mara ya pili nikakuuliza hilo hilo, ukaniangalia kwa huruma, kama mtu anayeanza kusahau. Mara ya tatu nilikwenda kuangalia mbuzi, na mbuzi hawakuwa na shida yoyote.

Basi nimeketi mbele ya nyumba na daftari lako la zamani, jua bado liko juu ya kilima, na karatasi hizi nitakupa mkononi kabla ya chakula cha jioni. Nataka uzisome leo. Kesho lori la kukupeleka Walikale likishapiga honi pale barabarani, hakuna atakayekuwa na masikio.

Mambo ya blanketi, ya dawa ya kinini, ya kutochota maji chini ya mahali wanapofulia nguo, mama yako ameyasema, na atayasema tena kesho huku ameshika mlango wa lori. Mimi siyarudii. Kuhusu kazi yenyewe sina la kukufundisha. Wewe unakwenda kuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na mimi niliacha shule kabla sijajua kuandika herufi ndogo vizuri, kama unavyoona.

Nataka kukuandikia juu ya maua. Usikunje uso. Miaka minane sasa hujagusa vile vyungu vyetu. Ukitumwa ghalani unazunguka upande wa migomba, njia ndefu, ili usipite karibu navyo, na unafikiri sijaona. Kuna jambo umelibeba tangu ulipokuwa na miaka kumi, na sitaki ulipandishe kwenye lori, kwa sababu si lako. Nitalifikia. Niache nianze mahali ambapo sina aibu, mkono uzoee kalamu.

Unajua kwamba kabla ya uhuru nilikuwa mtunza bustani kwa mzungu aliyelima pareto kule juu kwenye baridi. Mke wake tulimwita Madamu. Alikuwa na maua ya kila namna, lakini aliyoyapenda kuliko yote ni yale aliyoyaita arumu. Aliyapanda kando ya kijito, na mengine akayatia kwenye vyungu vya udongo kwenye baraza. Wewe unayajua: majani mapana kama ya mateke yetu ya bondeni, yale magimbi tunayochemsha, na ua lenyewe ni kama jani moja jeupe lililojikunja, katikati lina kidole cha manjano. Mara ya kwanza nilipoliona nilidhani mtu amekunja karatasi akaisahau pale. Nikaenda kuiokota. Madamu alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka wa uhuru waliondoka haraka. Wafanyakazi wengine walirudi nyumbani na mabati, na viti, mmoja alirudi na bafu la chuma ambalo mpaka leo linanywesha ng'ombe. Mimi niliomba vyungu sita. Nilikwenda na kurudi siku tatu, chungu kimoja kichwani asubuhi na kimoja alasiri, na watu wa njiani wakanipa jina ambalo sitaliandika hapa. Mama yako alisimama mlangoni akaviangalia vyote sita.

“Papa Feza, hii inakuliwa?”

Nikamjibu, “Hii ni maua ya altare.”

“Mi nauliza kama inakuliwa.”

“Utaona wakati wa Pasaka,” nikasema, nikaingia ndani.

Swali lake lilikuwa zuri, na sikulijibu. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikiwa shambani. Neno “hapana” lingetosha. Lakini nilikuwa nimekaa na watu wanaojua majina ya maua, nikajiona nami ni mtu wa namna yao, na mke wangu anauliza habari za sufuria. Nilikuwa na majivuno, Feza. Siku hizi yamepungua kwa sababu magoti yananiuma, lakini wakati ule yalikuwa mazima.

Vyungu viwili viliniharibikia mwaka ule ule. Nilijua kwamba arumu ni mtoto wa kijito, anapenda maji, basi kiangazi kilipokuja na majani yakaanza kuwa ya manjano, nikaongeza maji. Yakazidi kulala chini, nikazidi kumwaga. Asubuhi, mchana, jioni. Mwishowe niliingiza kidole kwenye udongo, kikatoka na uji wenye harufu mbaya. Viazi vya chini vilikuwa vimeoza. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kila kiangazi Madamu alikuwa akiviondoa vyungu barazani na kuviacha nyuma ya jiko, vikavu, bila jani, na mimi nilikuwa nikimwona mvivu. Kumbe alikuwa anaviacha vipumzike. Mmea huu una majira yake ya kulala. Ukiulazimisha kula wakati wa usingizi unakufa kwa shibe.

Basi vile vinne vilivyobaki nikaviweka nyuma ya ghala, nikakata majani yaliyokauka, nikaviacha. Mtu akipita angeona vyungu vinne vya udongo mtupu. Sikumwambia mtu kwamba kuna kitu ndani, wala mama yako. Nilipenda iwe siri. Nilijiona siku ya Pasaka nikiingia kwenye kapela na maua meupe, watu wakinong'ona kwamba Papa Feza anafufua vyungu. Unacheka? Cheka. Mimi nilikuwa namaanisha.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Nitaisimulia kwanza kama inavyosimuliwa hapa nyumbani.

Ilikuwa kiangazi kile kile, mwezi kama huu. Wazee watatu wa kapela walikuja kula kwetu. Haikusemwa waziwazi, lakini kila mtu alijua wanakuja kuona nyumba yangu, kama ninafaa kuwa mkubwa wa kapela badala ya yule aliyehamia Kirotshe. Mama yako alipika maharagwe na mateke, akaweka na siagi ya ng'ombe. Wazee wakaomba baraka, wakaanza kula, na mimi kama mwenye nyumba nikangoja wageni watangulie. Mzee Bauma, yule mkubwa kuliko wote, alitafuna mara mbili. Akaacha. Akashika shingo. Kisha akalia kama mtoto, “Moto! Moto mu kinywa!” Wa pili akatema. Wa tatu alikuwa tayari amekimbia nje kwenye mtungi wa maji, na maji hayakumsaidia, ulimi ulikuwa unamvimba na mate yanamtoka.

Viazi vya arumu vinafanana na mateke madogo kama ndugu wa tumbo moja. Lakini vina sindano ndani zisizoonekana, zinachoma hata uvichemshe.

Na mbele ya wazee wale watatu, mbele ya majirani waliokuja mbio, nilimnyooshea mama yako kidole nikasema, “Huyu mwanamuke anataka kuua wageni wangu. Ametia sumu.”

Unajua neno hilo lina uzito gani kwenye milima hii. Mwanamke akiitwa mvivu, kesho analima na watu wanasahau. Akiitwa mkali, watu wanacheka. Lakini neno la sumu likishatoka kinywani mwa mume wake mwenyewe, linaingia kila nyumba na kuketi. Nililijua hilo kabla sijafunga mdomo. Tulimpakia Mzee Bauma kwenye kipoyi, ile machela ya kubebwa mabegani, vijana wanne wakamchukua mbio kuelekea hospitali ya Kirotshe, na kabla hawajamaliza nusu ya njia mzee akawaambia wamteremshe, moto umepungua na ana njaa. Jioni wote watatu walikuwa wazima. Neno langu halikupona.

Mama yako aliosha vyombo vyote, akavipanga, akakusuka nywele kesho yake asubuhi, akaenda kwa ndugu zake Ngungu. Alikaa huko miezi saba. Wewe ulipika. Nakumbuka ulivyokuwa ukisimama juu ya kigogo ili uone ndani ya sufuria, na ulivyoacha kuzungumza. Nilikuuliza kitu, ukajibu kwa kichwa. Niliwaambia watu kwamba unamlilia mama yako, na ilikuwa kweli, lakini nilijua kwamba si hilo tu.

Mwezi wa saba tangu aondoke nilichukua mbuzi na mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nikaenda Ngungu. Kwetu mume aliyekosa hapiti mlangoni mwa shemeji zake mpaka aulizwe. Anaketi nje chini, kamba ya mbuzi mkononi, na wao wanapita na kazi zao kama vile hayupo. Waliniacha tangu asubuhi mpaka jua likaanza kushuka. Mbuzi alikula kola ya koti langu. Hatimaye mjomba wako mkubwa akaleta kiti, akakaa yeye.

“Shemeji, ile sumu ulisema, iliishia wapi?”

“Haikuwa sumu,” nikasema. “Ilikuwa mizizi ya maua yangu ya ku vyungu. Inafanana na mateke.”

“Na nani alichimba?”

Nikaangalia kamba ya mbuzi. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni, nyuma yake, kanga imefungwa kifuani. Yeye ndiye aliyejibu.

“Ni miye. Nilikosea.”

“Wewe? Wa kuchimba mateke tangu mutoto?”

“Nilikosea, kaka. Tuache ile mambo.”

Mjomba wako akaniangalia, akapokea mbuzi. Tulirudi pamoja siku iliyofuata, mama yako mbele, mimi nyuma na mzigo wake kichwani, na mpaka tunafika hapa hatukusemezana zaidi ya maneno kumi. Kwa hiyo hadithi ikawa hivi: mke wa Papa Feza si mchawi wala hana sumu, ni mzembe tu, hajui mateke na maua. Nikaridhika. Niliona nimemsafisha.

Sikumsafisha. Mwaka jana, kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, nilimwona mwanamke mmoja akipokea sahani kutoka mkononi mwa mama yako, akasema asante, akaisukuma chini ya benchi. Hakula hata punje. Mama yako aliona. Alikwenda kwa mtu wa pili na sahani nyingine, na akatabasamu vilevile. Niliumia moyoni kiasi kwamba nilitoka nje nikajifanya natafuta kofia yangu, nayo ilikuwa kichwani.

Nikupe habari za maua kidogo, nipumue.

Aliporudi kutoka Ngungu, mama yako alinitaka kitu kimoja tu. Aliniambia, “Sasa unifundishe ile maua yako yote. Kuanzia chini.” Nilimfundisha, na baada ya miaka miwili akawa ananifundisha yeye. Vyungu hivi kumi na vinne unavyoviona vyote vimetoka kwenye kile kimoja kilichobaki siku ile. Mimi nilitaka udongo mweusi mtupu. Yeye akachanganya na mchanga wa mtoni na samadi iliyokaa mwaka mzima, akatoboa matundu zaidi chini ya vyungu, na ndiyo maana vyake vinatoa maua matatu mahali vyangu vinapotoa moja. Mimi nilifukia viazi mbali chini. Yeye aliviweka karibu na juu, jicho likiangalia juu, udongo unafunika tu kidole kimoja. Ua lake halikatwi kwa kisu. Analishika chini kabisa, analizungusha kidogo, analivuta, linatoka zima na kukaa siku kumi kwenye maji. Baada ya kugawa viazi ananawa mikono kabla hajagusa hata kope, na vile vinavyobaki anavifukia mbali na shamba la mateke. Hilo hakufundishwa na mtu.

Nami nimefikiri jinsi yatakavyoishi Walikale, kama utataka kuyapeleka. Nilifika kule mara moja nikiwa kijana, nikibeba mizigo ya padri. Ni joto, msitu umekaa juu yako, na mvua haina adabu, inanyesha mwezi wowote. Ukiyapanda kwenye ardhi ya kule yataoza, kwa sababu mbingu haitayapa kiangazi. Lakini chungu unaweza kukipa kiangazi wewe mwenyewe. Majani yakianza kuwa manjano, kilaze ubavu chini ya ukingo wa paa, mahali mvua haifiki, ukiache miezi miwili. Usikionee huruma. Kikianza kutoa ncha ya kijani, kisimamishe, ukinyweshe polepole. Siku zote kiwekwe mahali penye jua la asubuhi tu. Na uwaambie watoto wako wa shule, siku ya kwanza kabisa, kwamba maua haya hayaliwi. Wao nao wana mateke yao.

Watu wa kule ni wakulima na wawindaji wa msituni, wanasali kama sisi, na wengine bado wanashika desturi za wazee wao ambazo mgeni haonyeshwi. Usikimbilie kucheka wala kuhubiri. Uliza, kisha ungoje ujibiwe. Na wakikuuliza wewe, hata swali la sufuria, jibu.

Haya. Nimezunguka ghala kama wewe. Sasa nipite mbele yake.

Siku ile ya wazee, asubuhi, nilikuwa chumbani navaa. Nilikuwa na shati jipya lenye kola ngumu ambayo haikutaka kufunga, nikasogea dirishani nipate mwanga. Dirisha lile linaangalia nyuma ya ghala. Nikakuona, Feza. Ulikuwa umepiga magoti na kijembe kidogo cha mama yako, na kikapu kando. Uliingiza mkono kwenye chungu cha kwanza, ukatoa viazi, ukavipangusa kwenye gauni, ukavitia kikapuni. Ukaenda cha pili. Ukaenda cha tatu. Cha nne ulikiangalia, ukaangalia kikapu, kimeshajaa, ukakiacha chungu. Ulikuwa unaimba.

Najua kilichotokea, ingawa hukuniambia. Mama yako alikutuma bondeni kuchimba mateke kwa ajili ya wageni. Bonde ni mbali, jua lilikuwa kali, na nyuma ya ghala ukakuta mateke ya bure kwenye vyungu ambavyo hakuna aliyekuambia vina nini. Na alipokuuliza umeyatoa wapi, nadhani ulisema bondeni. Mikono yake ilimwasha alipomenya, lakini mateke yetu nayo yanawasha, hakuona ajabu. Mtoto wa miaka kumi alifupisha safari. Mimi kwa umri huo nilifupisha safari nyingi kuliko wewe.

Nilikuona, na nilitaka kuita. Nilifungua mdomo. Hapo hapo nikasikia sauti za wazee wakipanda njia, na kola haijafunga. Nikajiambia, nitasema naye baadaye, maua haya nitayadai baadaye. Sikufikiri habari ya sufuria. Hilo naapa. Lakini Mzee Bauma aliposhika shingo, nilijua papo hapo, kabla hajalia. Nilijua ni nini kile, kimetoka wapi, na nani amekileta. Ningesema, “Ni maua yangu, mtoto amekosea, na mimi sikumwambia,” ingekuwa kicheko cha mwaka mzima na basi. Lakini ningekuwa mimi ndiye mjinga mbele ya watu waliokuja kunipima. Nilitafuta mtu wa kubeba, na mama yako alikuwa ndiye aliyesimama karibu na sufuria.

Alipogeuka, alikuangalia wewe, kisha akaniangalia mimi, na akafunga mdomo. Alidhani nikijua ni wewe nitakupiga. Wakati ule nilikuwa na mkono mwepesi, unakumbuka. Alinyamaza ili kukuficha. Na Ngungu akasema “ni miye” kwa sababu hiyo hiyo, na mimi nikaketi na kamba ya mbuzi nikamwacha aseme.

Kwa hiyo sikiliza vizuri, maana kwa ajili ya hili tu nimechafua karatasi zote hizi. Najua umeishi miaka minane ukifikiri kwamba kama ungefungua mdomo siku ile, mama yako asingeondoka. Ukifikiri kwamba ile miezi saba ni yako, na zile sahani chini ya benchi ni zako. Si zako. Hata ungesema, usingeniambia kitu nisichokijua. Nilikuwa najua. Mama yako hakuondoka kwa sababu mtoto alinyamaza. Aliondoka kwa sababu ya mtu mzima aliyeona kwa macho yake akasema uongo. Nisamehe, mwanangu. Nimekuacha ubebe mzigo wangu ukiwa mdogo, na nikakuona ukiubeba, na nikakaa kimya kwa kuwa mzigo ulikuwa mbali na mgongo wangu.

Kesho wajomba zako wa Ngungu watakuja kukuaga, na Mzee Bauma atakuja kuomba baraka, bado anatembea, na wale wanawake wa jirani watakuja kwa sababu kuna chakula. Kabla ya sala nitasimama. Nitasema nilichoandika hapa, bila jina lako: kwamba nilijua, na kwamba mke wangu hakutia kitu, wala hakukosea kitu. Nilimwaibisha mbele ya watu, na mbele ya watu nitamrudishia heshima yake. Nakuambia leo ili isikukute ghafla. Ukitaka kuwa umesimama mbali wakati huo, simama mbali.

Hapo nilitaka kumaliza. Lakini ulipokwenda kuwaaga majirani sasa hivi, niliona si haki wewe usome kabla ya mama yako, naye hasomi. Nikaingia jikoni nikamsomea yote, tangu mwanzo. Alikuwa anachambua maharagwe ya kukufungia kwa njia. Hakuinua kichwa. Nilipomaliza, alitupa jiwe dogo nje ya mlango.

“Nilikuona ku dirisha,” akasema. “Ile asubui. Nilikuwa natoka kuchota maji, nikakuona unasimama pale, mukono ku kola, unamuangalia mutoto. Sikuona yeye anafanya nini. Mateke ilipochoma wazee, njo nilielewa ulikuwa unaangalia nini.”

Miaka minane, Feza.

“Unafikiri nilienda Ngungu juu ya ile neno ya sumu?” akasema. “Neno ni neno. Ningekutukana tu, ingeisha. Nilienda juu ulijua, na ukanyamaza.”

Nikamuuliza kwa nini basi alirudi, kwa nini alikubali mbuzi, kwa nini alisema “ni miye” wakati alijua kwamba najua.

“Mutoto alikuwa huku,” akasema. Akaendelea kuchambua, kikapu kikajaa nusu. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayesema habari za mvua, “Na kesho mutoto anaenda.”

Sikuthubutu kuuliza zaidi. Nimerudi hapa nje kuandika, kwa sababu niliyoyaficha yametosha. Nitasema kesho mbele yao wote, kisha watu wakitawanyika nitamuuliza kama atabaki, naye atanijibu anavyotaka, na jibu lolote nitalipokea. Ukisikia moyo unakuambia ubaki siku mbili tatu uone itakuwaje, usiusikilize. Ulikaa miezi saba katikati yetu ukiwa na miaka kumi. Wewe panda lori.

Baba yako